Bei ya Kununua na Bei ya Kumiliki
Tangu 1975, BMW imelijengea jina gari lake dogo la kifahari, 3 Series. Toleo la E46, lililotoka 1998, linaonyesha kwamba anasa hiyo ilimlenga mnunuzi wa kwanza. Tangi lake la maji la plastiki hukakamaa kwa joto la miaka, likapata ufa na kuvuja; injini ikichemka, silinda hedi ya aluminiamu hupinda. Wapo wanaowalaumu mafundi wa mitaani. Kweli, fundi asiyetoa hewa kwenye mfumo wa kupoza huharakisha balaa, lakini plastiki huzeeka hata mikononi mwa bingwa. Thamani ya gari imeporomoka, bei ya spea haikuifuata. Anayelinunua leo atenge kwanza fedha za tangi, pampu na mipira ya maji.