Nyigu wa Uganda Waliookoa Kahawa ya Kenya

Wengi wetu hapa Kampala tukiona mdudu kwenye bustani ya nyumbani, wazo la kwanza ni dawa ya kupuliza. Sisi pia tulifanya hivyo kwenye pasheni iliyotambaa ukutani. Wadudu weupe walipungua kwa wiki chache, kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo. Ndipo tulipokumbuka kisa kimoja cha zamani ambacho Waganda wachache wanakijua, ingawa kilianzia kwetu.

Katika miaka ya 1920 mashamba ya kahawa ya Kenya, upande wa Thika na Kiambu, yalivamiwa na vidung'ata, wale wadudu weupe walioonekana kama wamemwagiwa unga. Hufyonza utomvu mpaka matawi yakanyauka. Hawakuishia kwenye kahawa. Waliingia kwenye mbaazi na viazi vikuu vya wakulima wa Kikuyu, kwa hiyo hasara haikuwa ya matajiri wa mashamba peke yao, ilifika jikoni.

Wataalamu walidhani ni mdudu anayejulikana, mwenye asili ya Asia, basi wakatafuta maadui zake huko Asia na kuwaleta. Hawakufaa kitu. Miaka ikapita hivyo, na fedha zikaenda. Mwaka 1935 R. H. Le Pelley alitangaza kwamba huyu ni mdudu mwingine kabisa, akampa jina la kitaalamu lenye neno kenyae. Jina hilo hutuchekesha kidogo, maana mdudu mwenyewe alikuwepo hapa Uganda na hakuna aliyemjali sana.

Kwa nini hakusumbua huku? Kwa sababu alikuwa na maadui. Nyigu wadogo sana wa jamii ya Anagyrus hutaga yai ndani ya kidung'ata aliye hai, mtoto wa nyigu akamla kwa ndani, kisha akatoboa na kutoka. Mwaka 1938 nyigu hao walichukuliwa Uganda na kuachiwa Kenya. Kufikia 1959 ilikadiriwa kuwa kazi hiyo imeokoa pauni milioni 10, na gharama yake haikuzidi pauni 30,000.

Palikuwa na kikwazo kimoja, nacho kiko hata uani kwetu: sisimizi. Hao hupenda maji matamu yanayotoka kwa vidung'ata, hivyo huwalinda kama mfugaji na ng'ombe wake, wakifukuza nyigu. Wakulima wa Kenya waliwazuia kwa kuzungushia mashina ya kahawa kitu cha kunata.

Ama kereng'ende, ambao watoto hupenda kuwakimbiza, nao ni wasaidizi. Wakiwa wachanga huishi majini na kula viluwiluwi vya mbu. Philip Corbet, aliyefanya kazi Jinja na Entebbe miaka ya 1950, aliwachunguza hapa hapa kabla ya kutoa kitabu chake mwaka 1962. Lakini wanahitaji maji yenye majani, na mabonde ya Kampala yanazidi kujazwa udongo.

Basi tumeacha kupuliza. Tumefunga kitambaa chenye grisi kwenye shina la pasheni, sisimizi wasipande. Vidung'ata bado wapo, ila juzi tulimwonyesha binti yetu mmoja aliyekauka, mwenye tundu dogo la duara mgongoni.