Hewa ya Matope: Kutoka Rocky Hill Hadi Ziwa Kivu

Usiku wa tarehe 5 Novemba 1783, Jenerali George Washington alipanda mashua bapa katika kijito karibu na Rocky Hill, jimbo la New Jersey, ili amalize ubishi. Vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimekwisha, mkataba wa amani umetiwa saini Paris miezi miwili nyuma, na wanajeshi waliobaki hawakuwa na kazi kubwa. Wenyeji walikuwa wamewaambia kwamba maji ya kijito kile yanaweza kuwashwa moto. Maofisa wakagawanyika. Benjamin Lincoln na David Cobb walishikilia kuwa kinachowaka ni kitu cha jamii ya lami kinachoelea juu ya maji. Washington na mgeni wake, mwandishi Thomas Paine, wakasema hapana, ni hewa inayopanda kutoka kwenye tope la chini.

Wakakubaliana kwenda kujionea. Askari wenye miti mirefu walichokoa tope, huku Washington akiwa ncha moja ya mashua na Paine ncha nyingine, kila mmoja ameshika karatasi inayowaka vidole vichache juu ya maji. Mapovu yakapanda kwa wingi. Paine aliandika baadaye kwamba aliuona moto ukiruka kutoka kwenye karatasi ya jenerali na kushuka hadi kwenye maji. Lincoln na Cobb wakawa wameshindwa.

Lakini Paine alikisimulia kisa hicho mwaka 1806, katika makala aliyoiandika kueleza chanzo cha homa ya manjano. Alidai kwamba hewa ya matope ndiyo inayoleta ugonjwa huo. Ilichukua karibu karne nzima kabla ya mbu kuthibitishwa kuwa ndiye mhusika. Jaribio lake lilikuwa safi, ila alilibebesha mzigo usio wake. Nakitaja hiki mapema kwa sababu hewa hii, ambayo leo tunaiita methani, imekuwa na kawaida hiyo tangu mwanzo: si vigumu kujua kwamba ipo, kazi huwa ni kukubaliana inatoka wapi na inafanya nini.

Miaka saba kabla ya usiku ule wa Rocky Hill, mtu mwingine alikwisha kuchokoa tope kwa fimbo. Novemba 1776 Alessandro Volta, yule ambaye jina lake limebaki katika volti za umeme, alikuwa Angera, kando ya Ziwa Maggiore, Italia. Rafiki yake, padri Carlo Giuseppe Campi, alikuwa amemweleza habari za chemchemi inayotoa hewa ya kuwaka. Volta alikwenda mahali palipoota matete, akachokoa, na kukinga mapovu kwa chupa iliyojaa maji na kugeuzwa mdomo chini. Kisha akafanya jambo ambalo Washington na Paine hawakulifanya: alipima. Aliichanganya hewa hiyo na hewa ya kawaida kwa viwango mbalimbali, akailipua kwa cheche ya umeme, na kugundua kwamba ilihitaji hewa nyingi zaidi ili iungue kuliko ile hewa nyepesi inayopatikana kwa kutia chuma katika asidi. Hiyo ya pili ndiyo haidrojeni. Barua alizomwandikia Campi zilichapishwa mwaka 1777.

Kutoka Angera njia yetu inaruka hadi London. Mwaka 1859 mwanafizikia John Tyndall alianza kupitisha joto ndani ya mrija uliojazwa hewa za aina mbalimbali, akitazama sindano ya kipimo chake ichezavyo. Oksijeni na nitrojeni ziliacha joto lipite kana kwamba mrija ni mtupu. Gesi ya makaa ya mawe, ile iliyowasha taa za barabara za London na ambayo ndani yake mna methani nyingi, ililizuia. Mwaka 1861 aliandika kwamba hata kiasi kidogo mno cha mvuke wa jamii ya hidrokaboni kingeweza kuzuia joto la ardhi lisitoroke na hivyo kubadili tabianchi. Huwa nashangaa sentensi hiyo inavyosahaulika na wanaosema kwamba mjadala wa tabianchi ulizuliwa juzi na wanasiasa. Iliandikwa mwaka uleule vilipoanza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Hata hivyo Tyndall alipima ndani ya mrija. Kwamba methani imo katika hewa tuivutayo kila siku, si karibu na bwawa wala mgodi tu, ilithibitishwa mwaka 1948. Mbelgiji Marcel Migeotte, wa Chuo Kikuu cha Liège, alikuwa Columbus, Ohio, akichambua mwanga wa jua. Kila gesi hunyakua sehemu yake ya mwanga na kuacha mistari ya giza, na Migeotte aliikuta mistari ya methani.

Liège inastahili kituo kirefu kidogo, maana ndipo njia hii inapoingia Afrika. Mwaka 1935 Hubert Damas, mtaalamu wa maziwa kutoka chuo hichohicho, alifika Ziwa Kivu, ambalo leo limegawanywa na mpaka wa Rwanda na Kongo. Alishusha vipimajoto na chupa. Katika maziwa ya kina kirefu mtu hutarajia maji ya chini yawe ya baridi kuliko ya juu. Kivu ilianza hivyo, kisha ikageuka: chini zaidi, maji yakawa ya moto zaidi na yamejaa gesi. Hayapandi juu kwa sababu ni mazito kwa chumvi kutoka chemchemi za volkano. Katika miaka ya 1950 uchambuzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya utajiri ule ni kabonidayoksaidi pamoja na methani. Makadirio yanayotajwa siku zote ni kilomita za ujazo zipatazo 300 za ile ya kwanza na 60 za ile ya pili.

Wafanyabiashara hawakungoja wanasayansi wamalize. Mwaka 1963 mtambo mdogo ulijengwa Rubona, karibu na Gisenyi, na gesi yake ikachemsha mitungi ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Ufundi wake unapendeza kwa wepesi wake. Unashusha bomba hadi kwenye maji ya chini, unayavuta mara ya kwanza, na yakishaanza kupanda gesi inatoa povu kama soda iliyofunguliwa na kuyavuta maji mengine yenyewe. Mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, ulioanza kuzalisha umeme upande wa Rwanda mwishoni mwa mwaka 2015, unatumia kanuni hiyohiyo.

Lakini swali la kiasi cha gesi iliyomo ziwani halikulala. Agosti 1986 Ziwa Nyos, Kameruni, lilitapika kabonidayoksaidi usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara elfu kadhaa, na ukingoni mwake wanaishi watu takriban milioni 2, wengi wao Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo. Watu wa Goma wanajua gesi inavyoua bila kelele. Mazuku, mashimo yanayojaa kabonidayoksaidi, huua mbuzi na mara nyingine watoto.

Katikati ya miaka ya 1970 Mjerumani Klaus Tietze alikuwa amepima gesi za ziwa zima. Kundi la Martin Schmid kutoka Uswisi liliporudi kupima mwaka 2004, miaka miwili baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati ya Goma na kuingia ziwani, lilikuta methani zaidi, ongezeko la hadi asilimia 15 ndani ya miaka 30. Makala yao ya mwaka 2005 ilionya kwamba kwa mwendo huo ziwa lingeweza kufikia kikomo cha kubeba gesi ndani ya karne hii. Fikiria uzito wa habari hiyo kwa mwenye nyumba ufukweni.

Ugumu uko kwenye chupa. Maji ya kina cha mita 400 yamebanwa kwa shinikizo la mara 40 ya lile la juu. Ukiyavuta bila uangalifu gesi inatoroka njiani, na kila kundi lina hila yake ya kuizuia. Je, tofauti ya 1975 na 2004 ilikuwa ya ziwa au ya vyombo? Mwaka 2018 makundi kadhaa, yakiwamo ya Wajerumani, Waswisi na Wafaransa, yalikwenda Kivu pamoja, kila moja na kifaa chake, yakapima maji yaleyale. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonyesha ongezeko lolote la maana tangu siku za Tietze. Hatari haikufutika, ila saa iliyodhaniwa kuwa inakimbia ilionekana kusimama. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka tena na mwamba wa moto ukapenya ardhini hadi chini ya ziwa, nadhani kuwa na takwimu hizo mkononi kulikuwa na thamani kuliko hotuba zote.

Na ziwa hili lenye hazina ya methani kiasi hicho linachangia kiasi gani angani? Kidogo sana. Jibu lilitoka Liège tena: mwaka 2011 Alberto Borges na wenzake walionyesha kwamba methani inayotorokea juu ya Kivu ni haba, kwa kuwa bakteria huila njiani kabla haijafika. Wingi wa ghala na wingi wa kinachotoka ni hesabu mbili tofauti. Wanaobishana kuhusu gesi hii huzichanganya mara nyingi.

Hesabu ya dunia nzima ni nyingine. Mapovu yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika yanasema kabla ya viwanda methani ilikuwa sehemu zipatazo 700 kwa bilioni. Sasa imepita 1,900. Ndani ya miaka 20 tani moja yake huhifadhi joto zaidi ya mara 80 ya tani ya kabonidayoksaidi. Kuanzia 1999 hadi 2006 ongezeko lilisimama, kisha mwaka 2007 likaanza upya, na tangu hapo ubishi haujakoma. Kati ya wapimaji hakuna anayekana kwamba inapanda. Wanagombania mkosaji. Kaboni iliyomo katika methani mpya imekuwa nyepesi zaidi, alama ya vijidudu vya mabwawa, matumbo ya ng'ombe na majalala kuliko visima vya gesi. Wengine wakajibu kwamba kupungua kwa moto wa misitu na nyika kunaweza kuficha uvujaji wa visima. Kundi la tatu likasema huenda tatizo ni haidroksili, kemikali ya angani inayoisafisha methani, kwamba ilipungua nguvu.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwenye meza ya dunia. Mwaka 2019 Mark Lunt wa Edinburgh na wenzake, wakitumia setilaiti ya Japani ya GOSAT, waliripoti kwamba methani ya Afrika ya tropiki iliongezeka kati ya 2010 na 2016, na kidole kikaelekea Sudd, bwawa kubwa la Nile Nyeupe huko Sudan Kusini. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka Ziwa Victoria kupitia Jinja, Uganda. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilipoijaza Victoria hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, Sudd nayo ilifura, vijiji vikazama, na miaka ya 2020 na 2021 methani ya dunia ikapanda kwa kasi isiyowahi kupimwa. Wapo wanaoipa Sudd na mabwawa ndugu zake sehemu kubwa ya lawama. Wengine, wakiitazama 2020, wanagawa lawama nusu kwa nusu na zuio la Uviko, kwa hoja kwamba moshi wa magari ulipopungua, haidroksili nayo ilipungua.

Hakuna aliyekwenda na miti mirefu kuchokoa tope lote la Sudd. Vituo vya kupimia hewa katika ukanda huu ni vichache, na kazi kubwa inaachiwa setilaiti zinazosoma mwanga wa jua kama alivyousoma Migeotte. Mwanga huo haupiti kwenye mawingu. Kwa hiyo miezi ya mvua, bwawa linapojaa kupita kiasi na kutoa gesi nyingi, ndiyo miezi ambayo setilaiti huliona kwa nadra.