Mwana Hiti: Kutoka Chumba cha Mwali hadi Rafu ya Sebuleni

Miongoni mwa sanamu kongwe za Kiafrika zinazopamba sebule za matajiri wa Ulaya na Marekani, imo moja ndogo iliyotoka katika nchi ya Wazaramo. Ni kipande cha mti chenye kimo cha kiganja hivi, mviringo kama mchi, kisicho na mikono wala miguu. Kifuani kina alama za maziwa, chini yake kitovu, na juu kichwa chenye vishungi viwili vya nywele. Huwekwa juu ya kijiguzo cha chuma, humulikwa taa, na mgeni anapouliza huambiwa kuwa ni mwanasesere wa kale kutoka Afrika ya Mashariki. Huko Kisarawe na Kibaha jina lake ni mwana hiti, na hajawahi kuwa mwanasesere.

Jambo hili si dogo kwa sisi tunaoishi kwa kazi ya maneno. Mfasiri akikosea jina la kitu, hukosea na kazi yake. Mwanasesere ni kitu cha mtoto kuchezea, na mtoto akichoka hukitupa. Mwana hiti alikabidhiwa kwa kigori aliyevunja ungo, akaingia naye ndani siku alipoanza kuwekwa mwali. Humo ndani alimtunza kama mama anavyomtunza mwanawe: alimpaka mafuta, alimtengeneza nywele, alimlaza. Watafiti wamelifasiri jina lake kuwa ni mwana wa mti, na pengine palipokosekana mti, kibuyu au gunzi la hindi lilitosha kushika nafasi yake. Hapo ndipo tunapoona kwamba thamani yake haikuwa katika uzuri wa mchongo pekee. Ilikuwa katika ahadi aliyoibeba, ahadi ya uzazi na ya ukoo usiokatika.

Wazaramo, pamoja na jirani zao Wakwere, Waluguru, Wadoe na Wakutu, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa watu wa mila hiyo, binti asiyezaa ni tawi la ukoo lililokauka. Ndiyo maana mafunzo yake yalikuwa kazi ya ukoo mzima. Mwali alikaa ndani kwa miezi mingi, na zamani hata mwaka na zaidi, akifundwa na wanawake wazima kwa nyimbo, mafumbo na ishara. Mkole, mti unaojulikana sana katika ngoma hizo, ulikuwa na nafasi yake, na mwana hiti alikuwa na yake. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyekaa na Wazaramo katika miaka ya 1960, aliyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu ibada na ishara katika jamii yao. Ngoma za mwali hazijafa hadi leo, ingawa muda wa kukaa ndani umefupishwa ili mtoto asikose shule.

Je, basi, ni kosa kupamba nyumba kwa umbo hili? Historia yenyewe haituruhusu kujibu upesi. Wazaramo walikuwa wa kwanza kulifanya pambo. Kichwa kile chenye vishungi viwili walikichonga juu ya fimbo za wakubwa, juu ya vizibo vya tunguri za waganga, katika viti vya enzi, katika vinanda na ngoma, na hata juu ya nguzo za makaburi. Aliyeingia katika nyumba ya mkubwa wa Kizaramo alikuta sura ya mwana hiti ikimtazama kutoka zaidi ya mahali pamoja. Lakini pambo lile lilisomeka. Kiti kilisema kuwa anayekikalia amezaliwa na ukoo fulani. Nguzo ya kaburi ilisema kuwa aliyelala pale ana watu. Kwa mwenyeji, kupamba na kusema vilikuwa tendo moja.

Kutengana kwa mambo hayo mawili kulianza na ukoloni. Mwaka 1889 ilipitishwa amri nchini Ujerumani kwamba vitu vilivyokusanywa katika makoloni na misafara iliyogharimiwa na serikali vipelekwe kwanza kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Kijerumani walijenga vituo Kisarawe na Maneromango. Kisha vikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ambavyo viliwagusa Wazaramo pia; Kibasila wa Kisangire alinyongwa na Wajerumani, na jina lake leo limo katika shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Wakati huo vitu vya Kizaramo vilikuwa vikienda Ulaya kwa njia nyingi: vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilinyang'anywa. Katika daftari za makumbusho huandikwa jina la aliyekusanya, kabila na mwaka. Jina la fundi aliyechonga halimo, wala la binti aliyemlea yule mwana.

Baadaye soko lilijifungua lenyewe. Mafundi wa Maneromango walianza kuwachongea wageni sanamu za kuuza, na mmoja wao, Salum Chuma, ni katika wachache ambao majina yao yamehifadhiwa. Katika miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde wakashika Dar es Salaam kwa mpingo wao, na macho ya wanunuzi yakaelekea huko. Mwana hiti alirudi kutafutwa pale wajuzi wa sanaa walipoandika habari zake: mwaka 1990 kilitoka kitabu cha Marc Felix chenye jina hilo hilo, mwaka 1994 yakafanyika maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania nchini Ujerumani, na mwaka 2013 mengine mjini New York yaliyoitwa kwa Kiswahili, Shangaa. Kilichosifiwa hutafutwa, na kinachotafutwa hughushiwa. Mti mpya hufukizwa moshi, hupakwa mafuta na udongo, ukauzwa kuwa ni wa miaka mia.

Msomaji wa visiwani ataitambua hadithi hii, kwani ndiyo hadithi ya milango yetu ya nakshi. Mlango uliong'olewa katika nyumba ya ukoo ukafanywa meza ya hoteli bado ni mti mzuri, ila hakuna tena anayebisha hodi. Upande wa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda vitu vya asili vya jamii zetu pamoja na milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na haviruhusiwi kutoka nje ya nchi bila kibali. Sheria ni ngao njema, lakini hailindi kisichojulikana. Bibi anayeuza mwana hiti wa ukoo wake kwa bei ya gunia la unga hafikiwi na sheria hiyo, wala yule dalali anayebisha mlangoni kwake haiogopi.

Kwa rai yangu, anayependa kupamba nyumba yake kwa sanamu za pwani anayo njia ya heshima. Anunue kazi mpya ya fundi aliye hai, aliandike jina lake na kijiji chake nyuma ya sanamu, na amlipe malipo ya fundi. Aliyerithi kitu cha kale akiulize kwa wazee kabla wazee hawajaondoka, na ayaandike watakayosema. Na wale wenye mwana hiti wa zamani katika makabati ya Berlin, Brussels au New York, wasiishie kutusifia umbo. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea mwaka 2023 kwa maovu ya Maji Maji. Msamaha huo utakuwa na uzito zaidi pale daftari za makumbusho zitakapofunguliwa kwa watu wa Maneromango na Mlandizi, wasome wenyewe kilichochukuliwa kwao.

Sisi washairi tunajua kuwa shairi hubaki hai kwa kuwa na mtu wa kuliimba. Mwana hiti naye alikuwa na nyimbo zake, na wanawake wanaozijua bado wapo Kisarawe na Kibaha, wengi wao umri umekwenda. Kazi ya kuzikusanya, kwa ridhaa yao na kwa kuiheshimu siri wanayotaka ibaki siri, haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu na mtu mwenye subira ya kukaa mkekani.