Ulinzi wa Safu ya Diski

Kila chombo kilichoundwa na mkono wa mwanadamu kina siku yake ya kuharibika. Diski, ghala ya kumbukumbu za kompyuta, haikusamehewa sheria hiyo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya RAMAC, yenye sahani 50 zilizobeba herufi milioni 5 tu. Tangu siku hizo, diski iliyokuwa peke yake ilipokufa, maandishi yasiyonakiliwa penginepo yalikufa nayo.

Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa shauri jipya: badala ya diski moja kubwa ya thamani, zikusanywe ndogo nyingi za bei nafuu, zitumike kama moja. Lakini wingi ulikuja na hatari yake. Ikiwa diski moja hudumu saa 30,000, basi katika kundi la diski 100 moja itaharibika kwa wastani kila saa 300, muda usiotimia wiki mbili. Dawa yao ilikuwa kutunza hesabu ya ziada. Fikiri, msomaji: diski ya kwanza ina 4, ya pili ina 3, ya tatu imeandikwa jumla yake, 7. Ya pili ikipotea, toa 4 katika 7, nawe utapata 3 iliyopotea. Safu ya namna hii huitwa RAID.

Ulinzi huo waweza kufanywa na mtambo maalumu au na programu peke yake. Katika Linux hutumika mdadm, programu iliyoanzishwa na Neil Brown mwaka 2001. Diski ikifa, mtunzaji husoma kwanza nambari iliyoandikwa juu yake, asije akang'oa iliyo nzima. Kisha huiamuru programu iitoe katika safu, naye huweka mpya isiyopungua ukubwa. Programu huijaza upya kwa hesabu, kazi ya saa nyingi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wakiona kompyuta ingali inafanya kazi, hudhani hakuna msiba, wakaahirisha. Kumbe safu kama ile ya mfano wetu hustahimili kifo kimoja tu. Diski ya pili ikifuata kabla kazi haijaisha, yote hupotea. Wala safu haikuokoi ukifuta maandishi kwa mkono wako, kwa hiyo nakala iwekwe mahali pengine pia. Elewa basi kwamba wingi wa diski haulindi kitu pasipo mtu mwangalifu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.