Kambi ya Nachingwea

Kambi ya Nachingwea (pia: Farm 17) ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya kijeshi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Ilikuwa katika wilaya ya Nachingwea, inayopakana na Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania.

Asili ya eneo

Jina Farm 17 linatokana na mashamba ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951.

Msaada wa Tanzania

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuanza vita dhidi ya Ureno tarehe 25 Septemba 1964. Tanzania haikuwa na fedha wala silaha nyingi. Ilitoa ardhi, hifadhi na njia ya kufikia mto Ruvuma. Silaha zilitoka hasa China na nchi za kambi ya Kisovyeti, na China ilileta pia wakufunzi. Rais Julius Nyerere alishikilia kwamba uhuru wa Tanzania haukuwa kamili wakati majirani wake wanatawaliwa na wakoloni.

Baada ya 1975

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975 chini ya Samora Machel, aliyewahi kuongoza mafunzo kambini. Msaada haukukoma, bali ulibadilika sura: mwaka 1987 hadi 1988 askari wa Tanzania walipigana na RENAMO mkoani Zambezia, na kuanzia 2021 walikuwa katika kikosi cha SADC huko Cabo Delgado.