Mchipuko wa Saratani ya Puru

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya puru akionekana na uvimbe tena nyongani, nyumbani husemwa kwamba ugonjwa umerudi. Madaktari nao huandika "saratani inayojirudia". Kila mtu anaelewa, na katika mazungumzo ya kawaida maneno hayo yanatosha. Kwenye karatasi za hospitali na katika vitabu vya kufundishia hayatoshi. Kinachorudi ni kile kilichokwenda, na uvimbe wa aina hii mara nyingi haukwenda popote. Ni chembe zilizobaki pale pale siku ya upasuaji wa kwanza, zikakaa kimya miezi kadhaa, kisha zikakua. Nyingi huonekana ndani ya miaka 2 au 3.

Kwa hiyo napendekeza istilahi "mchipuko". Mti uliokatwa kisiki kikaachwa ardhini hauitwi mti uliorudi. Husemwa umechipuka, na kila mkulima anajua kwamba dawa yake ni kung'oa kisiki pamoja na mizizi. "Mchipuko wa mahali" uwe ni saratani iliyoota tena nyongani, palipokuwa na puru. Ile iliyojitokeza kwenye ini au mapafu tuiite "mtawanyiko", neno ambalo tayari linatumika. Haya ni mambo mawili yenye matibabu tofauti, ingawa karibu nusu ya wenye mchipuko hukutwa na mtawanyiko pia.

Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kinachoishia kwenye tundu la haja kubwa. Imebanwa mahali pembamba sana. Mbele yake kuna kibofu na tezi dume, au uke na mji wa mimba. Nyuma yake kuna mfupa wa sakramu unaoshuka hadi kifandugu. Ubavuni kuna mishipa mikubwa ya damu na neva zinazokwenda miguuni. Puru yenyewe imefunikwa na mafuta yenye tezi za limfu, ambayo wataalamu huyaita mesorektamu. Saratani ikivuka ukuta wa puru huingia kwanza humo.

Mwaka 1982 daktari wa upasuaji Bill Heald, wa mji wa Basingstoke nchini Uingereza, aliandika kwamba ufunguo wa tatizo umo katika mafuta hayo. Wapasuaji wengi wakati huo walikuwa wakiichopoa puru kwa mkono, na vipande vya mesorektamu vikibaki nyuma. Yeye alifundisha kukata polepole, kwa kuona, akifuata tabaka jembamba lililopo kati ya mesorektamu na ukuta wa nyonga, hadi kifurushi chote kitoke kizima bila kuchanika.

Miaka minne baadaye, mwaka 1986, mtaalamu wa patholojia Philip Quirke na wenzake wa mji wa Leeds, nchini humo humo, walithibitisha jambo hilo kwenye meza ya maabara. Napenda msomaji aione kazi hii kwa karibu. Nyama iliyotolewa hupakwa wino kwa nje, pande zote, kisha hukatwa vipande vyembamba kama mkate. Kila kipande huangaliwa kwa hadubini kupima umbali uliopo kati ya chembe ya saratani iliyo nje kabisa na mstari wa wino. Wino ndio mpaka wa kisu: ng'ambo yake ni mwili wa mgonjwa. Siku hizi umbali wa milimita 1 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa ukingo umeguswa. Katika wagonjwa 52 wa Leeds, 14 walikuwa na saratani iliyofika ukingoni, na kati ya hao 14, mchipuko uliwapata 12. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi kwamba neno "kurudi" linapotosha.

Mafunzo ya Heald yalipoenea, na mionzi ikaongezwa kabla ya upasuaji, hali ilibadilika sana. Katika utafiti wa Uholanzi uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,800 na kutangazwa mwaka 2001, mchipuko ndani ya miaka 2 ulikuwa asilimia 8.2 kwa waliopasuliwa tu, na asilimia 2.4 kwa waliotanguliziwa mionzi ya siku tano.

Nasikia pingamizi moja, nalo ni la haki: kusema "mchipuko" ni kama kumnyooshea kidole mpasuaji. Hapana. Chembe huweza kujificha kwenye tezi za limfu za ubavuni mwa nyonga, nje kabisa ya mesorektamu, na wapasuaji wa Japani wamezoea kuzitoa tezi hizo kwa sababu hiyo. Kuna masalia ambayo hakuna mkono ungeyafikia. Istilahi inaeleza chanzo cha uvimbe. Lawama ni jambo jingine.

Sasa tuje kwenye matibabu yake, maana hapa ndipo neno linapofanya kazi. Dalili zenyewe ni za kuchanganya. Kuna maumivu ya makalio yanayoshuka mguuni, na kuna damu ambayo mtu na ndugu zake huisingizia bawasiri. Kiwango cha CEA, alama ya saratani hii inayopimwa kwenye damu, huweza kupanda kabla ya dalili yoyote. Kisha hufuata picha ya MRI ya nyonga, kuona uvimbe umeshika nini, na picha ya CT ya kifua na tumbo, kutafuta mtawanyiko. Ambaye hakuwahi kupata mionzi huanza nayo pamoja na dawa za saratani. Aliyeipata zamani huweza kuongezewa kwa kipimo kidogo.

Upasuaji wa pili hauna lile tabaka la Heald. Limekwisha kukatwa, na mahali pake pamejaa kovu. Kovu na saratani hufanana kwa jicho, na kwa kidole vyote viwili ni vigumu. Mpasuaji hawezi kufuata mstari uliokuwepo. Inambidi apite nje zaidi, kwenye nyama ambayo haijaguswa, na kila kilichonaswa ndani ya mstari huo hutoka pamoja na uvimbe. Inaweza kuwa kibofu, tezi dume, mji wa mimba, kipande cha sakramu, au vyote. Upasuaji huu daktari Alexander Brunschwig aliutangaza New York mwaka 1948: kati ya wagonjwa wake 22 wa mwanzo, wengi wao wenye saratani za kizazi, 5 walikufa kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Leo vifo katika vituo vyenye uzoefu ni vichache mno kuliko hivyo, lakini kazi bado ni ya siku nzima, na timu huwa na mpasuaji wa utumbo, wa mkojo, wa mifupa na wa kuziba majeraha, ambaye huchukua msuli wa tumbo kujaza pengo. Jina la kigeni la upasuaji huu limetokana na neno la Kigiriki la utumbo. Kwa Kiswahili naona "uondoaji wa viungo vya nyonga" linatosha, kwa sababu mgonjwa akilisikia anajua anachokubali. Anaweza kuamka na mifuko miwili tumboni, mmoja wa choo na mwingine wa mkojo. Hilo lisemwe waziwazi kabla ya kusaini fomu, kwake na kwa mwenzi wake.

Matokeo ya yote haya huandikwa kwa herufi moja na tarakimu moja, na herufi yenyewe inaunga mkono hoja yangu. R katika ripoti za maabara inasimamia neno la Kiingereza "residual", yaani masalia. R0 maana yake hakuna saratani iliyoonekana ukingoni. R1, imebaki ya kuonekana kwa hadubini tu. R2, imebaki ya kuonekana kwa macho. Kwa Kiswahili tungesema ukingo safi, masalia madogo na masalia makubwa. Mwaka 2018 ushirikiano wa hospitali uitwao PelvEx ulitoa taarifa za wagonjwa 1,184 walioondolewa viungo vya nyonga kwa sababu ya mchipuko. Zaidi kidogo ya nusu walipata ukingo safi. Waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa karibu asilimia 48 kwa wenye ukingo safi, asilimia 34 kwa wenye masalia madogo, na asilimia 15 kwa wenye masalia makubwa. Ukingo ndio unaoamua, kuliko hata ukubwa wa upasuaji. Ndiyo maana mpasuaji makini, akiona kwenye MRI kwamba hatapata ukingo safi, humwambia mgonjwa ukweli na kumwelekeza kwenye mionzi na dawa za kutuliza maumivu.

Takwimu hizo zina mtego mmoja wa lugha. Ni rahisi gazeti kuandika kwamba wagonjwa wenye ukingo safi huishi "wastani wa miezi 36". Kinachopimwa hapo ni muda wa katikati: nusu ya wagonjwa walifariki kabla ya mwezi huo, na nusu waliuvuka, wengine kwa miaka mingi. Mgonjwa anayesoma "wastani" huihesabu kuwa tarehe yake ya kufa. Mwandishi aandike "nusu yao waliishi zaidi ya miezi 36", na atakuwa amesema kweli yote.

Na mwenye ukingo safi asiambiwe amepona siku ya kutolewa nyuzi. Nyonga inaweza kubaki salama huku chembe zilizotangulia kwenye mapafu au ini zikijitokeza baadaye. Kwa hiyo CEA hupimwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka ya kwanza, pamoja na CT kwa vipindi, na ufuatiliaji huo huendelea hadi mwaka wa 5.