Safari ya Manga kutoka Unyanyembe

Vitabu vya historia vimetuzoeza kuitazama njia ya misafara kwa upande mmoja tu. Twaanza Bagamoyo, twapita Usagara na Ugogo, twavuka Mgunda Mkali, twafika Tabora. Na tukiwa tungali na pumzi twaendelea mpaka Ujiji. Hivyo ndivyo walivyoandika wageni, na si ajabu, kwa kuwa wao walitoka pwani. Lakini njia ina ncha mbili. Palikuwa na watu ambao kwao Tabora ilikuwa mwanzo wa safari, na mwisho wake ulikuwa mbali kupita Bagamoyo na Unguja, ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo watu wa pwani waliiita Manga. Huko kuna pwani ya Batina yenye mitende, bandari ya Maskati iliyobanwa na majabali, na nyuma yake milima ya Hajar inayopanda hata kufika Jebel Akhdar, ambako mikomamanga huota juu ya matuta ya mawe, na chini yake mabonde makavu. Insha hii yauliza jambo moja: safari kama hiyo ilipangwaje, na ilipangwa na nani?

Jibu la haraka ni kwamba ilipangwa na mfanyabiashara Mwarabu aliyekaa Tabora. Jibu hili lina ukweli wake. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 ya safari yao, walipokewa na Snay bin Amir, mtu wa kabila la Harithi. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, amemsifu sana mwenyeji huyu. Snay alianza maisha kwa kupika halua Maskati, na kwa muda wa miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika nchi za bara. Kwa watu wa namna yake Unyanyembe ilikuwa nyumba, lakini haikuwa kwao. Walipanda miembe, wakajenga majumba ya udongo yenye baraza mbele, wakaoa; walakini ndugu zao, mashamba yao ya mitende na makaburi ya wazee wao yalikuwa Omani. Huko pia ilikuwako mifereji iitwayo falaji, iletayo maji kutoka chini ya milima, ambamo kila mwenye shamba alikuwa na fungu lake la maji, na fungu hilo hupimwa kwa wakati: mchana kwa kivuli, usiku kwa nyota. Aliyezaliwa penye falaji alijifunza tangu utoto kwamba kuchelewa kidogo ni kupoteza mavuno.

Hesabu iliyomngoja Tabora ilikuwa ngumu kuliko hiyo, kwa sababu ilikuwa na kalenda tatu zisizopatana.

Ya kwanza ni ya pepo. Kaskazi hushika yapata Desemba na kuleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi; kusi hushika yapata Aprili na kuvirudisha. Lakini kusi haisafiriki wakati wote. Katika Juni na Julai bahari ya Arabuni huchafuka hata nahodha mzoefu huacha kutweka tanga. Basi milango ya kutokea ilikuwa miwili: wa kwanza Aprili na Mei, kusi ikiwa changa, wa pili mwisho wa Agosti na Septemba, wakati wa demani, kusi ikiwa imechoka. Kutoka Unguja mpaka Maskati ni karibu kilomita 4,000, na chombo kilichopata upepo mwema kilizimaliza katika muda wa mwezi mmoja hivi. Aliyekosa mlango alikaa Unguja akihesabu miezi, akila akiba yake.

Kalenda ya pili ni ya mvua. Katika nchi ya Tabora mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili. Upande wa pwani masika huja Machi na kukaa mpaka Mei, na mbuga ya Makata hugeuka kuwa ziwa la matope. Henry Stanley aliivuka katika masika ya mwaka 1871, na taabu aliyoipata ameieleza kwa kirefu. Tena kiangazi kikikomaa, shida hugeuka: mabwawa ya Mgunda Mkali hukauka, na msafara wenye mamia ya watu hauwezi kupita nyika isiyo na maji. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuondoka Tabora ulikuwa mfupi, matope yakiwa yamekauka na visima vikiwa havijakauka.

Kalenda ya tatu ni ya jembe, nayo ndiyo iliyozitawala zote. Pembe hazitembei. Kila pembe iliyofika Bagamoyo ilifika juu ya bega la mtu, na mtu huyo aghalabu alikuwa Mnyamwezi, mwungwana mwenye shamba, mke na watoto, aliyebeba kwa ujira mzigo wa frasila mbili au zaidi. Mtu huyu hakuacha mtama wake ukiliwa na ndege ili tajiri awahi kusi. Alivuna kwanza, kisha akatoka. Na alitaka awe amerudi kwake mvua za Novemba zikianza. Tajiri aliyetaka wapagazi nje ya majira hayo alilipa sana, au alikosa kabisa. Tuna ushahidi wake hata kwa wageni wenye jina: David Livingstone, baada ya kuagana na Stanley tarehe 14 Machi 1872, alikaa Kwihara akingoja watu kutoka pwani mpaka tarehe 25 Agosti. Alikuwa na vyombo, alikuwa na hamu, na maisha yake yalikuwa yakimwishia. Lakini bila mabega ya watu hakuweza kwenda hata maili moja.

Sasa na tuzipatanishe kalenda hizo, kama alivyolazimika kufanya mtu wa Tabora aliyetamani kuiona tena milima ya Omani. Mtama umevunwa, ni mwanzo wa Juni. Anatoka na wapagazi, anapita Tura, Mgunda Mkali na Ugogo, na baada ya miezi miwili na zaidi, mnamo katikati ya Agosti, yuko Bagamoyo. Anavuka Unguja, anauza pembe, anatafuta nafasi katika bagala au ganja inayotweka wakati wa demani. Mwezi wa Oktoba anashuka Maskati. Tende zimekwisha kuvunwa, lakini huko juu Jebel Akhdar makomamanga ya mwisho yangali yakichumwa, na hewa imeanza kupoa. Ana miezi miwili, pengine mitatu, ya kukaa na ndugu, kuugawa urithi, kumaliza kesi ya maji, kuoza binti. Kaskazi ikishika lazima aondoke. Anafika Unguja Januari au Februari, masika yanamfungia njia, anangoja mpaka Juni, na Septemba au Oktoba yuko tena barazani kwake Tabora. Miezi 16 imekwenda ili apate miwili au mitatu ya kuwa nyumbani.

Na hayo ni ikiwa hakuna kilichoharibika. Siku 20 zikipotea njiani, mlango wa demani hufungwa, na mlango mwingine haufunguki mpaka Aprili. Siku 20 za Ugogo zilizaa miezi saba ya Unguja.

Ni nani, basi, aliyezishika siku hizo 20 mkononi? Hapa ndipo nchi yetu ya Sikonge inapoingia katika habari za Manga, ingawa ramani za bahari haziitaji. Sikonge iko kama kilomita 70 kusini mwa Tabora, katika miombo inayosifika kwa asali na nta. Mbele yake, kwa kusini na mashariki, huenea misitu ya Ukimbu. Katika miaka ya 1870 misitu hiyo ilitawaliwa na Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe aliyekosa kiti kwao akajitengenezea kingine Kiwele kwa nguvu za rugaruga wake. Njia za Mgunda Mkali zilipita katika eneo alilolitisha. Upande wa pili, kaskazini na magharibi ya Tabora, alikuwako Mirambo, ambaye katika mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Stanley alikwama Kwihara tangu Juni mpaka tarehe 20 Septemba, kisha akalazimika kuzunguka kwa kusini kupitia Ugunda. Na kabla ya hao wawili, Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa amediriki kuwatoza Waarabu ushuru, wakampiga vita na kumsimamisha Mkasiwa mahali pake. Katika vita hivyo ndimo alimouawa Snay bin Amir. Mpika halua wa Maskati alizikwa mbali na falaji.

Watu wengine huwaita watemi hao wanyang'anyi wa njiani. Neno hilo naliona ni la mtu aliyeketi juu ya mzigo. Hongo waliyoitoza ilikuwa bei ya maji, chakula na amani katika nchi yao, na kama ilizidi mara nyingine, faida ya pembe Unguja ilizidi vile vile. Lililo muhimu kwa swali letu ni hili: aliyetaka kupanda chombo Unguja mwezi wa Septemba ilimpasa ajue hali ya moyo wa Nyungu mwezi wa Juni. Nyungu na Mirambo wakafa katika mwezi mmoja, Desemba 1884, na binti Mgalula akashika utawala wa baba yake Kiwele.

Kulikuwa na kizuizi kingine, nacho kilikuwa katika daftari. Misafara mingi ilitoka kwa mali ya mkopo. Hata Tippu Tip, ambaye baba yake Muhammed bin Juma alikaa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, alitegemea fedha za Mhindi Taria Topan. Mwenye deni alipofika Unguja alikutana na mdai wake kabla hajakutana na nahodha. Wako waliokuwa na pembe nyingi bara na wasiweze kwenda Omani, kwa kuwa kila frasila ilikuwa imekwisha kuliwa kwenye vitabu. Hata serikali zenyewe zilifungwa kwa hesabu: baada ya Seyyid Said kufa baharini mwezi wa Oktoba 1856, akitoka Maskati kwenda Unguja, wanawe waligombana, na kwa hukumu ya mwaka 1861 Unguja ilitakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka.

Mpaka hapa nimesema juu ya watu waliopanga. Lakini katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watu wengine waliotoka nchi za bara, wakafika pwani, wakapakiwa vyomboni, wakasukumwa na kusi ile ile, na wakaiona milima ya Hajar ikitokea baharini asubuhi. Wao hawakungoja mtama uvunwe. Wengi waliotoroshwa hivyo walifanywa watumwa katika mitende ya Batina, ambayo tende zake ziliuzwa mpaka Marekani, na wengine katika uzamiaji wa lulu wa Ghuba. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alifunga soko la watumwa Unguja, na mtawala wa Maskati naye akatia mkono mkataba wa namna hiyo katika mwaka ule ule. Hata hivyo magendo yaliendelea kwa miaka mingi. Idadi ya watu hao ilishinda sana idadi ya matajiri waliokwenda kuona ndugu. Kama twataka kusema ukweli kuhusu safari kutoka nchi za bara kwenda Omani, basi msafiri wa kawaida hakuwa Snay. Alikuwa mtu asiyejulikana jina, aliyekwenda bila kupanga na bila siku ya kurudi.

Ndiyo maana ni vigumu kulitumia neno safari kwa wote. Mwalimu wa historia hulitamka bila kusita, na mwanafunzi huona mbele yake watu wote wakitembea katika mstari mmoja. Kumbe katika mstari ule mmoja walikuwamo mwenye pembe, aliyehesabu kurudi kwake kwa kaskazi. Mpagazi, aliyehesabu kurudi kwake kwa mvua za Novemba. Na mfungwa, ambaye hesabu yake ilikuwa imefutwa. Wa katikati, mpagazi, ndiye ninayeona kuwa mwandishi wa kweli wa ratiba, ingawa wachache wao walivuka bahari.

Baadaye kalenda zile zilivunjika moja baada ya moja. Meli za moshi hazikungoja kusi. Wajerumani walimwangusha mtemi Isike mwezi wa Januari 1893, na reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora mwaka 1912. Safari ya miezi miwili ikawa ya siku chache, na wapagazi waliokuwa wakiiamua wakaondoka njiani pamoja na nguvu yao ya kuiamua. Majahazi yaliendelea kuja na kaskazi kwa miaka mingi bado, yakileta tende na papa wakavu, yakichukua boriti za mikoko.

Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, Waarabu wengi waliondoka, na Sultani Qaboos alipotwaa utawala wa Omani mwezi wa Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi. Wakaenda watu wa Unguja na Pemba, na wengine kutoka miji ya bara, na kwa hiyo Kiswahili chasikika hata leo katika nyumba za Maskati. Safari yao ilipangwa kwa makaratasi. Iliwapasa kulitaja kabila na mji wa babu, na aliyeweza kuvitaja alikuwa na mahali pa kushukia. Katika mwaka huo huo wa 1970 utumwa ulipigwa marufuku Omani, na wajukuu wa wale waliopelekwa Batina na kusi wakawa raia. Nao pia walikuwa na babu waliotoka nchi fulani, lakini katika karatasi zao hapakuwa na mtu wa kuandika Ukimbu, wala Unyanyembe, wala jina la mto walikotekea maji.